Mlangoni, Kwenye Mikoko au Juu Mtoni: Pa Kuvua Baada ya Masika na Wakati wa Kipupwe

Masika ikishapiga kisawasawa, mto unaoingia baharini hauwi tena ule uliouzoea mwezi wa Januari. Maji yanashuka mekundu, yamebeba magogo, magugu na hata mabua ya mahindi ya watu. Kisha mvua inakatika, kusi inashika, asubuhi zinaanza kudai shuka ya pili, na mvuvi anabaki anajiuliza: nishuke hadi mlangoni, pale mto unapoingia baharini, niingie vijito vya mikoko, au nipande juu kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi?

Kila sehemu ina watu wake wanaoiapia, na wote wana sababu. Shida huanza mtu anapochukua kanuni ya mlangoni akaipeleka juu mtoni, au mazoea ya Januari akayatumia Mei. Kwa hiyo hapa nimezipima sehemu zote tatu kwa vipimo vilevile, katika vipindi viwili: wiki zinazofuata mvua kubwa, yaani kuanzia Aprili hadi mwanzo wa Juni, na kipupwe chenyewe, Juni hadi Agosti. Mfano wangu mkubwa ni Rufiji, kwa sababu delta yake ina zote tatu, pamoja na mikoko inayozidi hekta 50,000. Pangani nitaitaja pale inapotofautiana. Walioko Malindi, wanaoiona Sabaki ikiigeuza bahari kuwa ya kahawia kila mvua zikinyesha, na walioko Kipini kwenye Tana, watakuta mengi ni yaleyale.

Neno langu kuu ni hili: baada ya mvua samaki hawajapotea, wamehama na chumvi yao. Ukijua chumvi imesimama wapi leo, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Vipimo kabla ya kuchagua

Mvua imenyesha wapi? Watu wengi huangalia mawingu yaliyo juu ya vichwa vyao tu. Bonde la Rufiji ni kama moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu zote zinamwaga humo. Mvua ya usiku mmoja hapo Kibiti huchafua vijito siku mbili tatu, kisha maji yakatakata. Mvua ya Kilombero na nyanda za juu huchelewa kufika, lakini ikishafika haina haraka ya kuondoka. Unaweza kuwa na jua la kuanikia dagaa Nyamisati huku mto unazidi kupanda.

Tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, maji ya huku chini yanategemea pia kinachofunguliwa kule juu. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti yalionyesha wazi kwamba maji makubwa bado yapo, kwa hiyo matangazo ya bwawa yasikilizwe sawa na ya hali ya hewa. Pangani ni hadithi nyingine. Maji ya Kilimanjaro na Meru yanazuiwa kwanza kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha kuna mitambo ya umeme ya Hale na Pangani Falls. Huko kinachobadilisha rangi ya mto ghafla mara nyingi ni mvua za Usambara zinazoshuka kwa mito ya Mkomazi na Luengera.

Chumvi imesimama wapi? Maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo hupita juu na chumvi ikanyemelea chini. Baada ya mvua kubwa unaweza kukuta juu maji hayana chumvi hata kidogo, ilhali pima mbili chini, yaani kama mita tatu na nusu, ni bahari. Kuna kipimo cha wazee ambacho hakigharimu kitu: chupa ya kioo, funga jiwe kitakoni, ziba kwa kizibo kilichofungwa uzi wake peke yake, ishushe hadi karibu na matope, vuta uzi kizibo kitoke, hesabu kidogo, pandisha. Tia tone ulimini, uteme. Ila kama mto umepita vijijini na vyoo vimefurika, usionje kabisa. Kipindupindu hakina masihara. Hapo tumia macho. Tafuta mstari wa povu, majani na vijiti unaokata mto au bahari: upande mmoja maji ya tope, upande wa pili ya kijani. Hapo ndipo maji mawili yanapokutana. Miti nayo inasema kitu. Mililana ikitawala ukingo, uko upande wa bahari. Ukianza kuona misikundazi, maji baridi hukaa hapo sehemu kubwa ya mwaka. Lakini mti unakupa wastani wa miaka, haukwambii habari ya leo.

Mwezi na saa za maji. Pwani yetu ina utaratibu ambao anayepanga safari hana budi kuushika. Maji ya bamvua, siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa mnamo saa nne, hukupwa mnamo saa kumi. Tofauti ya kujaa na kukupwa kwenye bamvua huzidi mita tatu. Kwenye maji mafu ni mita moja hivi. Hizo ni saa za mlangoni. Kadiri unavyoingia ndani, maji hufika kwa kuchelewa, na mto ukiwa umefura jambo la ajabu hutokea: kina kinapanda kwenye nguzo za gati lakini mkondo bado unashuka. Mgeni huona kina kinaongezeka akadhani mkondo umegeuka, akatupa wavu upande usio wake.

Upepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba na hukaza zaidi Juni hadi Agosti. Alfajiri huwa mpole, mchana unashika. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, chukua kama ilivyosemwa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitufikia karibu na Mafia, wakati mito ilikuwa bado imejaa.

Kipimo cha mwisho ni chombo chako, na hicho kila mtu anakijua mwenyewe: mtumbwi wa kafi na pondo, ngalawa, boti ya mashine, au miguu tu.

Mlangoni

Maji. Baada ya mvua kubwa, tope la mto husukumwa nje mbali, na lile tabaka la maji baridi hutandazwa juu ya bahari. Mpaka wa maji mawili hausimami. Maji yakikupwa unasogea nje, yakijaa unarudi. Kipupwe kikishaingia na mto ukipungua, bahari hurudi hadi ndani ya mlango. Ila usitegemee maji ya kioo, kwa sababu kusi hukoroga mchanga wa mafungu.

Samaki. Huu ndio wakati wa kamba. Wachanga hukulia kwenye mikoko, na mvua zikizidi na chumvi ikipungua, wanaokaribia ukubwa huteremka baharini. Ndiyo maana maji ya nje ya Rufiji yana sifa ya kamba kuliko sehemu nyingine yoyote ya Tanzania. Samaki wengine nao wapo: hongwe, ambaye tope halimsumbui kwa kuwa anatafuta kwa harufu na sharubu, mkizi, na kolekole, anayetembea upande wa maji safi akisubiri kinachotoka gizani. Mtu akitupa mshipi katikati ya tope akitaka kolekole anapoteza chambo. Pembezoni mwa ule mstari, upande wa kijani, ndipo penyewe. Kwenye kipupwe hongwe hupungua kwenye mpaka huo, na chaa, mkizi na kolekole ndio wanaobeba siku.

Saa nzuri. Nusu ya kwanza ya maji kujaa, mstari wa povu unaporudi ndani, na ile robo saa ya maji kusimama kabla hayajageuka. Maji mafu huleta utulivu zaidi hapa kuliko bamvua.

Vifaa. Mashine, nanga inayoshika kwenye mchanga na kamba ndefu ya nanga. Mshipi mzito, chubwi nzito kuliko ya kawaida maana mkondo wa juu na wa chini havikubaliani, waya mfupi kwa ajili ya meno. Chambo cha harufu: vipande vya mkizi, ngisi. Nyavu za kutega nazipa tahadhari wiki za mwanzo baada ya mvua. Gogo moja linaloelea chini kidogo ya uso wa maji linaweza kuondoka na wavu mzima, na wavu huo utaendelea kuua samaki bila mwenyewe.

Hatari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mlangoni ndipo watu wanapozama. Hatari kubwa ni mkondo wa kukupwa unapogongana na kusi. Maji yanatoka kwa nguvu, upepo unasukuma mawimbi kuingia, na juu ya fungu la mchanga mawimbi yanasimama wima na kuvunjika. Sasa rudi kwenye zile saa. Siku ya bamvua maji hujaa saa kumi jioni, kisha yanaanza kutoka, na wakati huohuo kusi imeshachachamaa tangu adhuhuri. Mvuvi aliyeko nje anayesema atarudi saa kumi na mbili anarudi katika wakati mbaya kuliko wote. Anayeijua kazi huvuka mlango kuingia ndani kabla ya saa kumi, maji yakiwa bado yanajaa na yanambeba. Mto ukiwa umefura kwa mvua, mkondo wa kukupwa unakuwa mkali maradufu, na mafungu yenyewe huhama. Njia uliyoipita Februari huenda leo ni mchanga.

Panamfaa nani. Mwenye boti ya mashine na nahodha anayeujua mlango ule, mwenye soko la kamba au samaki wakubwa, anayeweza kuahirisha safari upepo ukikataa. Pangani, ambako mlango ni mmoja na mji uko palepale ng'ambo ya Bweni, wapo wanaovua kwa mshipi ukingoni bila kuvuka fungu, na hiyo ni njia ya kati iliyo nzuri.

Vijito vya mikoko

Maji. Watu husema "mikoko" kana kwamba ni kitu kimoja. Baada ya mvua kuna vijito vya aina mbili, na tofauti yake ndiyo itakayoamua utarudi na nini. Kuna vijito vilivyounganishwa na mto mkuu au vinavyopokea maji ya mashamba ya mpunga. Hivi hugeuka maji baridi ya tope na vitabaki hivyo kwa wiki. Na kuna vijito vipofu, vinavyoanzia baharini au kwenye mkono mkubwa wa delta na kuishia ndani ya matope, visivyo na mto nyuma yake. Hivi hujazwa na kutolewa na bahari tu. Mvua kubwa huvipunguzia chumvi siku mbili tatu, kisha vinarudi. Baada ya masika, samaki wa maji ya chumvi waliosukumwa kutoka kwenye mikono mikuu wanakimbilia huko. Kama hutakumbuka kingine katika makala haya, kumbuka kutafuta kijito kipofu.

Wakati wa kipupwe mambo hulainika. Chumvi inapanda, maji yanatakata, na kuta za mikoko zinakukinga na kusi. Siku ambayo huko nje hakuna anayethubutu, ndani ya kijito unatupa kimia, ule wavu mdogo wa kurusha kwa mkono, ukiwa umevaa fulana.

Samaki. Mkizi, chaa, mwatiko, changu wadogo, chewa kwenye mashimo ya mizizi, kamba wachanga (hao waache wakue), na kaa. Kaa wa mikoko anastahili maelezo yake. Chumvi ikipungua sana juu ya kijito, husogea chini kuelekea mlango wa kijito. Kwa hiyo dema (mitego) ulizoziweka ndani kabisa mwezi wa Februari zishushe. Chambo chake ni kichwa cha hongwe au kipande cha taa, kitu kigumu kisichokatika upesi. Jike mwenye mayai chini ya tumbo mrudishe palepale.

Saa nzuri. Hapa ndipo kipupwe kina faida ambayo wengi hawaioni. Siku za bamvua maji hukupwa saa nne asubuhi. Tope linabaki wazi juani, linapata joto, na maji yanapoanza kurudi mchana yanalipanda tope hilo lililopashwa. Asubuhi ya Julai samaki wa maji ya kina kifupi ni wazito kujongea; saa nane mchana, maji yakipanda juu ya tope lenye joto, mkizi na chaa wanaingia kula kwa makundi. Baada ya mvua, kinyume chake ndicho kizuri: subiri maji yaanze kutoka, kaa pale kijito kipofu kinapofungukia mkono mkubwa, na utupe pembeni ya njia. Kila kilichoingia kula lazima kipite hapo.

Vifaa. Vichache, na hii ndiyo raha yake. Mtumbwi mwepesi, pondo, kimia, mshipi wa nailoni nyembamba wenye ndoana ndogo na chubwi ndogo, dema chache. Chambo ni uduvi, minyoo ya tope, vipande vya kamba. Maji yakiwa ya tope usihangaike na chambo cha kung'aa, samaki hakioni. Kipande kinachonuka kiache chini bila kukitikisatikisa.

Wavu wa kuzuia kijito kizima ni jambo ninalolipinga waziwazi. Ukiziba mlango wa kijito maji yakiwa yamejaa, yakikupwa unabaki na kila kitu: chaa wa kidole, kamba wachanga, chewa ambao hawajazaa hata mara moja. Nyavu za kukokota na sumu, iwe ya mmea wa utupa au ya dukani, sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinazikataza, na BMU (vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe) nyingi za delta zina kanuni zao za nyongeza kuhusu vijito. Waulize kabla hujashusha chochote. Hawa samaki wadogo ndio wale wakubwa wa mlangoni wa mwakani.

Hatari. Kubwa ni kukwama. Maji ya bamvua yakitoka, kijito kinabaki uzi wa tope, nawe umekaa juu ya mtumbwi saa tano au sita ukiumwa na mbu, na mbu wa baada ya masika wana malaria. Tope la kiunoni halitembeki. Ukishuka kwenye maji mafupi buruta miguu usiikanyage, ili taa asikie na kuondoka. Hongwe mtoe ndoana kwa kitambaa kizito au koleo. Miiba yake ya mgongoni na ya mapezi ya ubavuni ina sumu. Kwenye vijito vya upande wa maji baridi mamba na viboko wapo, na mto ukifura hushuka chini kuliko kawaida.

Panamfaa nani. Asiye na mashine. Anayeanza kujifunza. Anayetafuta kitoweo cha nyumbani na ziada kidogo ya kuuza. Mama na vijana wa kaa. Na mtu wa mjini mwenye siku mbili tu za mapumziko katikati ya Julai, kwa sababu upepo hautamharibia safari.

Juu mtoni, kwenye maji baridi

Maji. Baada ya mvua huku ndiko kugumu kuliko kote. Mto unakuwa mpana, wa kasi, wenye magogo, na samaki wanaacha mkondo kabisa na kutawanyika kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Mvuvi wa mshipi anayesimama ukingoni mwa mto mkuu wakati wa gharika anapoteza muda wake. Kipupwe hugeuza meza. Maji yanarudi ndani ya kingo, na mabwawa ya bondeni kama Zumbi, Ruwe na Uba, yaliyopokea samaki wakati mto umefurika, yanaanza kujitenga na mto yakiwa na samaki ndani.

Samaki. Kambare, perege, kitoga. Kambare hupanda kwenye nyasi za mafuriko kutaga mwanzoni mwa maji makubwa. Kumwinda pale kwenye maji ya goti ni rahisi sana, na kwa sababu hiyohiyo ni bora kumwacha wiki hizo. Kuanzia Juni utamkuta amerudi kwenye mashimo ya kingo na kwenye njia za maji yanayotoka bwawani kwenda mtoni.

Saa nzuri. Mwezi hauna nguvu sana huku, isipokuwa pale mwisho wa uwezo wa bahari, ambako maji ya chumvi hayafiki lakini kujaa kwake kunaurudisha mto nyuma. Hapo mkondo hupoa saa moja au mbili, kambare na kitoga wakatoka kula. Ukiweza kuipata saa hiyo, ndiyo ya kutupa mshipi. Mabwawani, jua likishapanda ni afadhali kuliko alfajiri ya baridi. Usiku nao kambare hakosekani.

Vifaa. Mgono (mtego wa kusuka) kwenye njia za maji, mshipi wenye ndoana imara, nyavu za kutega za macho makubwa mabwawani. Gharama ni ndogo.

Hatari. Mamba na viboko, kwa uzito wote wa maneno hayo. Usichote maji wala kuosha samaki ukiwa umechuchumaa ukingoni, usipige kafi karibu na viboko jioni wanapotoka kula. Kingo zilizolowa hubomoka bila taarifa. Maji yaliyotuama yana kichocho. Na ukizidi kupanda unaingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako huruhusiwi kuvua bila kibali. Jua mpaka uko wapi kabla hujaenda.

Panamfaa nani. Mwenyeji wa bonde anayejua mabwawa yake na kanuni za kijiji. Anayependa samaki wa maji baridi au mwenye wateja wa kambare mkavu. Mgeni asiye na mwenyeji namshauri asiende peke yake.

Kwa hali yako

Kama mvua kubwa imekatika ndani ya wiki moja na mto bado mwekundu, na huna mashine: nenda kijito kipofu kilicho karibu na bahari, uvue maji yakitoka, ushushe dema chini. Kama una mashine na kuna maji mafu na tangazo la hali ya hewa ni zuri, fuata mstari wa povu nje ya mlango. Kama ni bamvua, mlango uache siku nne tano. Maji mafu hayako mbali.

Kama wiki tatu zimepita tangu mvua, maji ya vijito yametakata lakini mkono mkuu bado mchafu, jua kwamba mvua iliyobaki ni ya juu. Usisubiri mto usafike. Vijito vya upande wa bahari vimeshakuwa tayari, na kamba bado wako mlangoni.

Kama ni katikati ya kipupwe, kusi imekaza na unategemea uvuvi kwa chakula cha kila siku, gawa mwezi wako: siku za bamvua mikoko mchana, siku za maji mafu mlangoni asubuhi na mapema, maji yanapojaa kuelekea saa nne na kabla upepo haujashika. Wenye mabwawa ya bondeni waongeze siku za kambare katikati.

Kama uko Pangani, zingatia kwamba mto ni mmoja na mikoko yake si msitu wa Rufiji. Chaguo halisi huko ni kati ya ukingo wa mjini na sehemu za juu zenye minazi, ambako chumvi hupanda sana mto ukipungua. Kipupwe kikiwa kikavu utawapata samaki wa chumvi juu kuliko unavyotarajia, kwa hiyo anza juu ushuke na maji.

Kama unakwenda na mtoto au mtu anayejifunza, chagua kijito kilichokingwa, siku ya maji mafu, wakati maji yanajaa asubuhi. Maji mafu hayatakukwamisha kama ya bamvua, mkondo ni wa pole, na mkizi anayeruka mbele ya mtumbwi atamfundisha kutazama maji. Beba maji ya kunywa ya kutosha, fulana ya kuokolea kwa kila mmoja, na mwambie mtu wa nchi kavu mnaingia kijito gani na mnatarajia kutoka saa ngapi.